Chemchemi za Kumngojea Jonel

Mwanga wa asubuhi ulivunjikia juu ya maji ya Kuala Lumpur, ukawa vipande, ukawa vigae vya kioo, vikirushwa juu, vikianguka, vikirushwa tena. Perpetua aliutazama kwa macho yaliyokesha ndani ya ndege. Maji yakapanda. Maji yakashuka. Alivua kiatu kimoja, akaukanda mguu uliovimba, akajiuliza moyoni: haya ndiyo maji tuliyoyavukia bahari?

Safari ilikuwa zawadi ya mwana. Jonel, mtoto wao wa pekee, aliondoka mjini kwao Iloilo na ndevu changa kwenda kuuguza wagonjwa Singapuri, na Krismasi baada ya Krismasi kiti chake mezani kikabaki kinakaliwa na paka. Ndipo mwaka huu akapiga simu, sauti inameremeta. "Mama, si unapenda chemchemi? Nitakuonyesha zinazoruka zikagusa mbingu. Tukutane Kuala Lumpur, tuzizungukie mji kwa mji, sisi watatu."

Wakaja. Perpetua na mumewe Wenceslao, mshonaji aliyewavisha suruali wanaume wa mtaa mzima; sanduku moja, na mfuko wa ng'onda, samaki wa kukaushwa, uliofungwa ukafungwa tena, na bado unanuka.

Wakafika. Jonel hakufika.

"Mama, zamu imenibana," alisema kwenye simu. "Mwenzangu kaugua. Tangulieni Bangkok, nitawakuta huko kwenye chemchemi."

"Umekula?"

"Nimekula, Mama."

Uongo wa mtoto una harufu, hata ukipita kwenye simu. Perpetua akainusa.

"Haya, tabasamu nikupige picha," Wenceslao akamwambia.

"Nimtabasamie nani? Bomba?"

Bangkok iliwapokea kwa joto la kuchemsha yai mfukoni. Chemchemi ilikuwa mbele ya maduka makubwa, maji yanacheza ngoma, watu wameinua simu zao kama waumini walioinua mishumaa. Maji yakapanda. Maji yakashuka. Wenceslao akakunja suruali, akatumbukiza miguu, akafumba macho kwa raha. Mlinzi akampulizia filimbi hadi njiwa wakaruka.

Simu ikatetema. *Samahani, Mama. Singapuri. Safari hii naapa.*

"Mtoto wako anatukimbia," akasema Wenceslao, akijifuta miguu kwa leso.

"Mtoto wangu? Akituma zawadi ni wako. Akichelewa ni wangu."

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa chembamba, kama uji uliozidi maji.

Kuna uchovu wa miguu. Huo hulala, ukaamka umepoa. Kuna uchovu wa kungoja. Huo hulali nao bali wenyewe hukulalia, ukakuminya kifua mpaka alfajiri. Katika chumba cha hoteli Perpetua alilala chini ya huo. Labda anatuonea haya, aliwaza. Labda ana mke, labda ana kesi, labda ana ugonjwa. Labda mtoto niliyemtuma ng'ambo amekwisha, na anayenipigia simu ni mtu mwingine mwenye sauti yake.

Singapuri, jua likizama, chemchemi ilikuwa bado imezimwa. Bwawa limetulia, watu wameketi kwenye ngazi wakingoja maonyesho ya taa. Akatokea mwanamume aliyevaa sare ya hospitali, mabega yameshuka, nywele zimepungua utosini. Perpetua akampisha apite.

Hakupita. Akainama, akautwaa mkono wa mama yake, akauweka kwenye paji la uso wake, vile afundishwavyo kila mtoto wa kwao kuwaamkia wakubwa kabla hajajua kusema.

"Jonel?"

"Ni mimi, Mama."

"Mbona umekwisha hivi, mwanangu?"

Akakaa. Akatazama viatu vyake. "Nilikuwa nangoja siku ambayo sijachoka. Nilitaka mnikute mzima, nimechangamka, niwatembeze kama nilivyoahidi. Kila siku nikisema kesho. Siku hiyo haikuja, Mama. Basi nimekuja hivi hivi."

Mama aliufungua mfuko wa ng'onda. Waliokuwa jirani wakaziba pua, wakasogea, nafasi ikapatikana. Jonel akala kwa mkono, na wali baridi waliouchukua hotelini, akala kama aliyesahau kwamba chakula kina ladha. Kisha, kipande kingali kidoleni, kichwa kikamlalia mama yake begani, na usingizi ukamchukua mzima mzima.

Hapo muziki ukalipuka. Maji yakapanda, marefu kuliko ya Kuala Lumpur, marefu kuliko ya Bangkok, mekundu, ya zambarau, ya dhahabu, umati ukaguna kwa mshangao. Upepo ukageuka. Manyunyu yakawajia usoni, na kope za Jonel zikacheza.

Wenceslao akainuka. Akasimama mbele ya mwanawe, akaupa mgongo ule uzuri wote, akalitanua koti lake kama anayempimia mtu nguo.

"Mzee, kaa chini, unatuziba!" wakapiga kelele nyuma. "Babu we! Tumelipia nauli sisi!"

Hakukaa. Maji yakamlowesha shingo, yakamchirizika masikioni, rangi zote zikampitia mabegani na hakugeuka kuzitazama.

"Utapata homa," Perpetua akanong'ona.

"Punguza sauti," akasema Wenceslao. "Utamwamsha."