Ufunguo wa Bomba la Bi Atija

Kufuli lilikuwa jipya, hata kibandiko cha dukani hakijabanduliwa. Lilining'inia kwenye bomba la Bi Atija, bomba ambalo tangu livutwe uani halikuwahi kutiwa kufuli. Rajabo aliliona mara tu alipoingia uani.

Alijua lilitokea wapi. Tangu gesi igunduliwe baharini na wageni wafurike mjini, baraza la mji lilibadili kodi ya maji: bomba la nyumba moja, kodi ndogo; bomba wanakoteka majirani, kodi ya biashara, hata kama mwenyewe hauzi tone. Rajabo, karani wa baraza, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na fomu za kuandikisha mabomba. Kwa Bi Atija alikunywa kwanza chai na mihogo yake, kisha akauliza kana kwamba anapiga soga tu:

"Hivi, Bi, ni wangapi wanaoteka hapa?"

Masikini, mama wa watu akaona fahari. Akahesabu kwa vidole: kwa Sufo, kwa Zuleica, wajane wawili wa nyuma, na maji ya kuoshea maiti wa mtaa mzima. "Hata wewe ulipozaliwa uliogeshwa kwa maji haya," akamalizia akicheka.

Naye alipofika ofisini akaandika yote. Angeweza kuandika nyumba moja, na nani angemuuliza? Lakini mkuu wake alimsifu kwa fomu zilizojaa, na sifa zile zilimlevya, mtu mzima ovyo.

"Shikamoo, Bi," alisema sasa, akilitazama kufuli.

"Marahaba, mwanangu. Umeyaona makubwa? Baraza limeniandikia kodi ya biashara, ikabidi ninunue kufuli. Ni Zuleica huyu! Ndiye jirani wa ukutani, alinisikia nikikuhesabia, akaenda kunichongea." Akamtia ufunguo kiganjani. "Kaa nao wewe. Mimi siwezi kumnyima mtu maji uso kwa uso. Wewe wa barazani watakuogopa."

Rajabo alitamani ardhi immeze.

"Hodi!" Zuleica aliingia na ndoo kiunoni, akasalimia. Bi Atija akageuza uso kando, salamu ikabaki hewani. Zuleica akasimama pale pale, haelewi kosa lake.

Rajabo akafungua kufuli. Akaichukua ndoo, akaiweka chini ya bomba, maji yakaanza kulia ndani yake.

"Bi," alisema bila kuinua macho, "Zuleica siku ile alikuwa shambani. Uani tulikuwa mimi na wewe tu."

Ndoo ikajaa, ikafurika, wala hakuna aliyenyoosha mkono kufunga.