Simu Nyembamba na Simu Nene

Jedidah alinunua simu mbili siku moja, akijua wazi kwamba moja atairudisha. Hakuona haya. Duka lile la Bloomington, Minnesota, ndani ya jumba kubwa la maduka, lilimpa mnunuzi wiki mbili za kubadili nia, naye alikusudia kuzitumia zote. Huwezi kuijua simu kwa kuishika dakika mbili ikiwa imefungwa kamba kwenye meza, na muuzaji amekusimamia kama askari.

Simu yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mamake, Nkirote, aliyekuwa Githongo kule Meru, mwenye kisukari na kidonda mguuni. Kidonda kilianza kabla ya Krismasi, kiatu kipya kilipomchubua kisigino, na sasa Januari ilikuwa inakwisha. Kila Jedidah alipopiga, mama alijibu kwamba kinaendelea vizuri. Lakini kwa Nkirote ni nini kisichoendelea vizuri? Hata mwaka ule upepo ulipong'oa mabati ya jikoni, alisema nyumba imepata hewa.

Jedidah alikuwa muuguzi mwenye diploma, na katika nyumba ya wazee alikofanya kazi, yeye ndiye aliyeitwa kuangalia vidonda. Alijua kidonda cha mwenye kisukari kinavyoweza kujifunga juu huku chini kinaoza. Alishawaona watu walioingia na kidonda kisichozidi kifungo cha shati, wakatoka bila mguu. Likizo yake ilikuwa Julai, na Julai ilikuwa mbali. Alichotaka ni kukiona kisigino cha mamake kwa macho yake mwenyewe, aamue kama ni cha kungoja au ni cha kumpeleka hospitali kubwa, hata kama itabidi abebwe. Lakini mama alikuwa na mulika mwizi tu, kile kisimu cha vibonye chenye tochi, na hakukubali jirani yeyote ampige picha. Mguu wake, alisema, si harusi.

Basi simu mbili zikawekwa juu ya meza ya jikoni kwake, Brooklyn Park, na kazi ikaanza.

Moja ilikuwa nyembamba, rangi ya dhahabu, mgongo wake kioo kitupu kinachoteleza kama sabuni. Ya pili ilikuwa nene na nyeusi, pembe zake zimevishwa mpira, na nyuma ina mikwaruzo ya makusudi kana kwamba ilitengenezwa na fundi wa matairi. Bei zao zilikaribiana, kwa hiyo bei haikumsaidia kuamua. Jedidah aliziwasha zote mbili mchana mmoja, akazichezesha mahubiri yale yale mpaka zizime. Nyembamba ilikata roho jioni. Nene ilihubiri hadi kesho yake. Nene ilikuwa na nafasi ya laini mbili, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayepokea pesa kwa laini moja na kuongea kwa nyingine. Nyembamba ilikuwa na laini moja.

Kisha akazijaribu kwa vidole. Baridi ya Minnesota na kunawa kila baada ya mgonjwa vilikuwa vimemkausha mikono hadi ikapasuka, na safari hii alishukuru, maana ilifanana kidogo na mikono ya mwanamke aliyechuma chai maisha yake yote. Nene ilimsikia aliposugua kidole mara moja. Nyembamba ilijifanya haimjui.

Ila kamera. Kwa kamera, nyembamba iliiacha nene mbali. Jedidah aliingia ndani ya kabati la nguo, akawasha taa ndogo iliyofifia kama ya sebule ya mamake, akavua soksi akapiga picha kisigino chake mwenyewe kwa simu zote mbili. Picha ya nyembamba ilionyesha kila ufa. Ya nene ilionyesha kitu ambacho kingeweza kuwa kisigino au kiazi.

Margaret, mwenzake wa zamu na mtu wa Kisii asiyejua kunyamaza, aliposimuliwa haya wakati wa chakula alicheka hadi akaweka kijiko chini. Alitaka kujua kama Jedidah alimchunguza mumewe namna hiyo kabla ya kuolewa. Jedidah akamwambia hapana, na ndiyo maana sasa anachunguza simu.

Kufikia Jumapili alikuwa ameshaegemea nyembamba. Betri ingechajiwa, vidole vingezoea. Lakini simu isiyoona kidonda ilikuwa na faida gani? Baada ya ibada alizipiga picha zote mbili, akazituma kwenye kundi la WhatsApp la familia na kuuliza ipi ni bora kwa mama. Hakuhitaji ushauri hasa. Aliuliza kwa sababu simu ingepokelewa Nairobi na mdogo wake, Ken, kitinda mimba wa Nkirote, na mtu anayebeba mzigo hupenda kuulizwa.

Ken ndiye aliyepokea na zile mbili za kwanza. Ndiyo, kulikuwa na mbili kabla ya hii. Ya kwanza iliibwa Nairobi kabla haijafika Meru. Ya pili ilifika kwa mama, ikakaa miezi kadhaa, halafu ikatumbukia chooni. Hivyo ndivyo Ken alivyoeleza. Mama alipoulizwa kuhusu choo, aliuliza kama theluji imeanza.

Jibu la Ken lilirudi hata Jedidah hajavua koti.

"Dhahabu, sista, hata usifikirie. Hiyo ingine ni ya watu wa mjengo. Na ufanye haraka, hii ya mwisho siku hizi haishiki chaji."

Jedidah alisoma, akakaa kwenye kiti, akasoma tena. Simu iliyozama chooni haina habari ya chaji.

Mara Ken naye aligundua, maana ujumbe ulifutika. Haukusaidia kitu.

Jedidah hakuwa mtu wa kumeza maneno. Tayari kidole kilikuwa juu ya jina la Ken, na alichopanga kusema kilikuwa kifupi na kichafu. Kisha akafikiria mbele kidogo. Akimgombeza, Ken angempigia mama kabla jua halijatua. Mama angesema mtoto alihitaji simu ya kazi, kwamba yeye ndiye aliyempa kwa mikono yake, na pengine ni kweli alimpa. Nkirote hakuwahi kumnyima Ken kitu tangu alipozaliwa. Wangegombana kwa wiki moja juu ya simu iliyopita, na wiki hiyo kisigino kingekaa ndani ya soksi bila kuonwa na mtu.

Na simu hii nayo ingepitia kwa Ken. Hapakuwa na njia nyingine. Eliakim, mzee wa kanisa lao, alikuwa anasafiri Jumamosi kwenda kumzika shangazi yake huko Vihiga, akaahidi kuibeba, lakini angeishia Nairobi na kuelekea magharibi. Meru haikuwa njia yake. Ken angempokea uwanja wa ndege.

Jedidah aliinuka, akazichukua simu tena, moja kila mkono. Siku zote hizo alikuwa amezipima kwa betri, laini, vidole na kamera. Jambo moja hakulipima: ni ipi itakayofika. Simu nyembamba ilikuwa nzuri kwa kila mtu aliyeitazama, na mtu wa kwanza kuitazama angekuwa Ken. Simu nene hakuna kijana wa Nairobi ambaye angeiweka juu ya meza mbele ya marafiki zake.

Kesho yake aliendesha gari hadi Bloomington kabla ya zamu, akairudisha ya dhahabu. Kijana wa dukani aliuliza kama ilikuwa na kasoro, kwa kuwa lazima aandike sababu. Jedidah alimwambia ni nzuri mno. Kijana alimtazama, akaandika kwamba mteja amebadili nia.

Hilo halikumpa raha. Usiku wa zamu, akimfunga bendeji mzee mmoja mwenye kidonda cha mguu, aliendelea kuona ile picha ya kabatini, kisigino kama kiazi. Huenda anamtumia mama simu itakayofika na isione kitu. Lakini simu inayoona ikiwa Nairobi nayo ingeona nini? Alijibishana hivyo hadi Jumamosi.

Eliakim alipima mabegi yake kwenye mizani ya bafuni mbele yake, akaguna. Watu walikuwa wamemletea dawa za macho, viatu, mafuta ya samaki, na vitamini za kutosha kufufua ng'ombe. Aliitoa simu kwenye boksi, kama wasafiri wote wanavyofanya ili isionekane mpya, akaipima mkononi.

"Dada, hii umenipa simu ama mtambo?"

"Mzee, ukiona imekulemea, toa vitamini," Jedidah akamwambia.

Eliakim akaitia ndani ya soksi, akaenda.

Jumatatu Ken alipiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyealikwa karamuni akapewa maji.

"Sista, si nilikuambia ile ya dhahabu? Hii ni simu ama ni tofali?"

"Ni ya mama," Jedidah akasema. "Kwani wewe uliitaka?"

Ken alikohoa, akasema hapana, aitake ya nini, yeye simu anayo. Jedidah akasema anajua anayo. Ken hakuuliza anajuaje. Kisha Ken, kwa haraka ya mtu aliyeona mlango wazi, akasema ataiwekea kila kitu ili mama asisumbuke, na kesho asubuhi ataipeleka kwenye ofisi ya vifurushi. Ile ya kwanza ilikuwa imekaa kwake ikiwekewa vitu mwezi mzima hadi ikaibwa. Hii ililala kwake usiku mmoja.

Alhamisi asubuhi Jedidah alikuwa ametoka zamu, amekaa ndani ya gari huku injini ikinguruma ili barafu ya kioo iyeyuke, simu yake ilipoita. Ilikuwa video. Ilikuwa mama.

Kwanza aliona dari. Kisha sikio. Kisha kidevu, na sauti ikauliza kwa nguvu kama kuna mtu humo ndani.

"Mama, ishushe mbali na sikio. Itazame."

Uso wa Nkirote ukajaa skrini, umekunja ndita. Alisema simu imefika jana, kwamba ni nzito, na kwamba mke wa mchungaji alipoiona alimwambia pole. Hata hivyo alikuwa ameigusa kwa kidole chake kimoja, ikaitika mara moja, na hilo lilimfurahisha kuliko alivyotaka kuonyesha. Akaanza kuuliza habari za watoto. Jedidah alimkatiza.

"Nionyeshe mguu."

"Hata hujanisalimia vizuri."

"Shikamoo, mama. Nionyeshe mguu."

Nkirote alilalamika, lakini alikuwa peke yake, na mwanawe hakuwa jirani. Soksi ikavuliwa. Bendeji ikafunguliwa polepole. Jedidah alikodoa macho, na kilichotokea kwenye skrini kilikuwa kile alichokiogopa: giza la kahawia, na ndani yake giza jingine. Kingeweza kuwa chochote. Kingeweza kuwa cheusi.

Akamwambia mama atoke nje. Mama akauliza atoke vipi na mguu mtupu. Akamwambia abebe kiti, akae mlangoni, maana kule jua la saa kumi jioni bado lipo. Ikafuata safari ndefu ya ukuta, mlango, kuku mmoja, kiti. Halafu simu ikaegemezwa kwenye ndoo, na kisigino kikasogezwa mbele yake.

Kwenye mwanga simu nene iliona. Haikuona kwa urembo, na picha iliganda mara kwa mara, lakini iliona. Jedidah aliisogeza simu yake karibu na uso. Kingo zilikuwa za waridi, zimesogeleana. Katikati palikuwa na wekundu safi wenye unyevu, bila weusi, bila usaha, bila ule umanjano unaong'ang'ania. Ngozi ya pembeni haikuvimba. Kidonda kilikuwa kidogo kuliko alivyokiwazia.

Bado hakujiruhusu. Kulikuwa na swali moja lililobaki, lile analowauliza wagonjwa wake wote akiwa amejiandaa kwa jibu baya, kwa sababu kisukari huua kwanza hisia, na mguu usiohisi kitu ndio unaokatwa.

"Mama, bonyeza hapo pembeni kwa kidole. Taratibu. Unasikia nini?"

Nkirote akabonyeza, akaurudisha mguu kwa ghafla hadi ndoo ikatikisika na simu ikatazama mbingu.

"Inauma," akasema, kwa hasira. "Ulitaka nisikie nini? Kwani mimi ni mti?"

"Inauma sana?"

"Nimekwambia inauma. Usinifanye nibonyeze tena."

Jedidah aliegemeza kichwa kwenye usukani. Machozi yalimtoka, akayaacha, kwa kuwa skrini ilikuwa imejaa mawingu ya Githongo na hakuna aliyemwona. Kwa mbali mama alikuwa bado anaeleza jinsi inavyouma, tangu kisigino hadi kwenye fundo la mguu, na usiku zaidi kuliko mchana, na kwamba hakutaka kumsumbua mtu. Alieleza kwa urefu, kwa manung'uniko, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. Jedidah alimwacha aendelee. Barafu ya kioo cha mbele ilikuwa imeanza kuteleza kwa vipande, na hakuwa na haraka ya kwenda popote.