Mgonjwa Anayepika Chapati

Mgonjwa wa kwetu anatakiwa akonde. Hakuna aliyeitangaza sheria hiyo, lakini kila mtu anaifuata. Akonde, macho yaingie ndani, nguo zimning'inie, ndipo watu watikise vichwa na kuingiza mikono mifukoni. Mimi ugonjwa wangu umeninenepesha. Uso umevimba, vidole vimejaa hadi pete ya ndoa ikakatwa kwa msumeno, na kila nikipita hapa mtaani Rhonda nasikia, "Milcah, umependeza! Kwani Elphas anakulisha nini?" Elphas ni mume wangu. Yuko Gilgil anachonga mawe, na anachonilisha ni simu za kuniambia bado hajalipwa.

Daktari alinieleza vizuri, simlaumu. Kuna tezi hapa kooni, na yangu imelala. Ikilala, mwili wote unalala nayo. Unasikia baridi jua likiwaka, nywele zinabaki kwenye kitana, sauti inakwaruza, usingizi unakushika ukiwa umesimama. Dawa ipo, kidonge kimoja kidogo kila asubuhi mpaka siku ya kufa. "Ni rahisi tu, mama," alisema akitabasamu. Rahisi kwake! Kwenye dirisha la dawa la hospitali niliambiwa imeisha, ninunue nje. Damu ya kupima nayo nipeleke maabara ya mtu binafsi mjini, kwa sababu mashine yao imekaa miezi bila vifaa. Kadi ya bima nayo ilinitaka nilazwe kwanza. "Ukilazwa italipa," msichana wa kaunta aliniambia, kana kwamba ananitakia heri.

Basi huishia kwa Jaydeep, mwenye duka la dawa karibu na soko. Kila nikienda bei imepanda, na kila ikipanda yeye ndiye huona haya.

"Mama, nikukatie ya wiki moja?" huniuliza, mkasi tayari mkononi.

Mimi ni fundi wa sare za shule. Vidonge vikikosekana, ncha za vidole hufa ganzi, na fundi asiyehisi sindano ni hasara kwa mwenye kitambaa. Mwaka huu nilishona mifuko ya kaptura za darasa zima ikafungwa juu, hata chaki haingii. Mwenye shule akachukua kazi yake akapeleka kwingine. Hapo ndipo nilipokwama: bila vidonge sishoni, na bila kushona sina vidonge.

Nikaenda kwa chama. Sisi wanawake wa kanisa tuna chama chetu, tunachanga kila mara, na kuna mfuko wa wagonjwa ambao sijawahi kuugusa tangu niingie. Sikuomba makubwa. Niliomba wanisimamie vidonge vya miezi michache, mikono irudi, niwarudishie sare za watoto wao zilizonyooka.

"Hakuna shida, sister," Mercyline, mwenyekiti wetu, alinijibu. "Lakini si unajua utaratibu? Lazima kamati ikuje ikuone. Tutakuja Saturday."

Binti yangu Jepkemei alielewa mambo kuliko mimi. "Mum, siku hiyo lala tu. Wakuje wakupate kwa bed, umejifunika."

Alikuwa na haki, na nilijua ana haki. Lakini mtu ataingiaje kwa mlango wangu akae mdomo mkavu? Nilizaliwa Kabazi, kwenye boma ambalo mgeni hakuulizwa kama atakula. Mama yangu alikuwa anaweza kuumwa malaria na bado ainuke kuwasha moto akisikia hodi. Pesa ya vidonge vya wiki moja nilikuwa nayo, nimeifunga kwenye leso. Ijumaa nikaifungua leso. Nikanunua unga, mafuta, maziwa na nyama, nikajiambia ni mara moja tu, kamati ikishaona nitakuwa sawa.

Jumamosi nilikanda unga kwa mikono isiyonisikia. Nilipopindua chapati, nilinusa kidole kikiungua kabla sijahisi moto. Nilipumzika kwenye stuli, nikasinzia, chapati ikaungua, nikaila mwenyewe ili wageni wasiione. Nililia kidogo, kwa hasira wala si kwa uchungu. Kisha nikanawa uso uliovimba, nikafunga kitambaa kizuri kichwani kuficha palipobaki bila nywele.

Walikuja sita. Walikula, Mungu wangu, walikula! Mercyline aliongeza mara mbili, akamega kipande akikiinua kwenye mwanga. "Chapati soft hivi! Milcah, wewe uko na mkono." Mimi nilikuwa nimeegemea mlango nisije nikaanguka na usingizi. Walipomaliza waliomba, wakamshukuru Mungu kwa afya aliyomjalia dada yetu, wakaniachia pakiti ya sukari na kipande cha sabuni.

Jumapili baada ya ibada, Mercyline alinivuta nyuma ya kanisa.

"Kamati imekaa," alisema. "Tumekuona uko fiti. Mgonjwa hawezi simamia jiko morning yote hivyo. Hiyo ni mwili tu, sister. Punguza hizo chapati."

"Mercyline, nilipika kwa sababu mlikuja."

"Si ungetuambia huwezi? Tungeelewa."

"Mngeelewa? Mkute moto umezima, hata chai hakuna?"

Alijua kama mimi kwamba wangenisema hadi Krismasi.

Pesa ya mfuko alipewa Kibii, mtoto wa shemasi, aliyevunjika mguu akiendesha pikipiki. Na kwa kuwa haikutosha, wakaitisha harambee. Simchukii Kibii, ni kijana mzuri. Naichukia ile plasta. Nyeupe, kubwa, inaonekana kutoka barabarani, hata mtoto anaweza kuiandika jina. Tezi yangu imejificha kooni kama mwizi, na mimi ndiye ninayeitwa mwongo.

Siku mbili kabla ya harambee, Mercyline alibisha kwangu. Safari hii sikumpa hata maji, wala hakuonekana kutambua.

"Watu wanaulizia zile chapati zako," alisema. "Tupikie Saturday. Tutakutoa kitu."

Nilitaka kumfungulia mlango atoke. Badala yake nilimuuliza kitu gani. Alipotaja malipo, nilikuta kichwa changu tayari kimehesabu vidonge.

Nilipika uwanjani, chini ya hema, moshi ukiniingia machoni, baridi ikinitetemesha mbele ya moto. Shughuli ilipokolea, Mercyline alishika kipaza sauti akaniita mbele. Nilikwenda polepole, maana siku hizi ndio mwendo wangu.

"Mnamwona huyu?" aliuliza umati. "Juzi tu alituambia ati ni mgonjwa! Mungu ni mwema!"

"Kila wakati!" wakaitika wote, na Kibii pale kwenye kiti chake akapiga makofi.

Mercyline alinigeukia akitabasamu, akingoja nami niseme. Nikainua mkono wangu wenye unga, nikaitika kwa sauti yangu ya kukwaruza, kwa sababu alikuwa bado hajanilipa.