Mpira wa Aliye Karibu

Husseni alikuwa ameshaamua. Angeutazama mchezo huo wa fimbo mara moja tu, kisha angemtoa bintiye Faidha kwenye timu. Mtoto wa kike akirudi nyumbani na kovu usoni, lawama ni za nani?

Alisimama nyuma ya goli, nje ya mstari wa mwisho, uwanja wa shule pale Lupaso, mikono mgongoni. Jirani yake Gervas, mtani wake wa miaka mingi, alikuwa ameshafika.

"Umekuja na bendeji, mtani?"

"Nimekuja na macho."

"Basi yatumie. Fimbo ile ina wavu kichwani. Mpira unabebwa humo, unarushwa, unadakwa humo humo. Mkono hauruhusiwi, labda wa golikipa."

"Na kichwa cha mwenzako je?"

"Ukikigusa kwa fimbo, nje. Mwalimu Winfrida, mwenye filimbi, hana mzaha."

Haikupita muda, msichana mmoja wa Chilangala, timu iliyokuja asubuhi kutoka Newala, akamgonga wa Lupaso kwa fimbo, begani tu. Filimbi ikalia, akatoka uwanjani kainamisha kichwa. Husseni aliona.

Kisha Lupaso wakapiga, mpira ukapita kando ya goli, ukawa unabingirika kumfuata Husseni. Wasichana wawili, mmoja wa kila timu, wakatimka kuufuata.

"Mbona wanaukimbilia, na unatoka?"

"Mpira uliokosa goli ukitoka, unapewa aliye karibu nao zaidi unapovuka mstari."

Faidha alikuwa mbele. Hatua mbili zimebaki, akainua macho, akamwona baba yake. Magoti yakakunjika yenyewe.

"Shikamoo, baba."

Yule wa Chilangala akampita. Filimbi: mpira wa Chilangala. Wakaupeleka upande wa pili, wakafunga, wakawa sawa, tatu kwa tatu.

"Marahaba," alisema Husseni, lakini binti alikuwa ameshaondoka mbio.

Gervas alicheka mpaka akakohoa. "Umewafunga wewe, mtani. Chilangala wakupe jezi."

Husseni hakucheka. Ni yeye aliyemfundisha asipite mbele ya mkubwa bila kusalimu, na siku zote alijivunia hilo. Leo adabu ile imemnyang'anya mwanawe mpira mbele ya watu. Aliwaza aende zake nyumbani, miguu ikakataa.

Dakika za mwisho Lupaso wakapiga tena, wakakosa tena. Husseni akasikia vishindo vikija. Akageuka, akaupa uwanja mgongo, akakazia macho mikorosho kama anayekagua maua yake. Aliyekupa kisogo hakudai salamu.

Vishindo vikafika. Filimbi.

"Wa nani?" aliuliza, hajageuka bado.

"Wa mwanao. Geuka basi, unakosa."

Akageuka, akawahi kumwona Faidha akizunguka goli kutoka nyuma, fimbo juu, na wavu ukitikisika. Wasichana wakamrukia.

Husseni alimgeukia Gervas. "Marudiano lini?"

"Jumamosi, Chilangala."

"Nitakwenda," alisema. "Ila nitasimama pembeni, mbali na mistari yenu."