Dirisha la Chini

"Stoo?" Tsonka aliuliza kwa mara nyingine. "Stoo, Bilyana? Umewaambia watu wa jiji kwamba hapa ni stoo?"

"Nimesema ni stoo ya chupa. Kwani hakuna chupa?"

Chupa zilikuwepo, rafu nzima: pilipili nyekundu za kusaga, matango ya siki, kama ilivyo kwenye chumba cha chini cha kila jengo la Sofia. Lakini mbele ya rafu kulikuwa na cherehani, pasi, na suruali za watu zikining'inia kwenye bomba la maji ya moto. Na juu ya cherehani kulikuwa na dirisha dogo, usawa wa njia ya waenda kwa miguu. Mteja alipiga goti nje, akapitisha nguo yake dirishani, akaeleza shida. Bilyana alikuwa amesomeshwa na dirisha hilo, na alijua hivyo, ndiyo maana alikuwa anazungumza kwa hasira.

Tramu ilipita kwenye reli zake katikati ya barabara. Chupa ziligongana. Wakasubiri ipite, kisha wakaendelea.

"Wale vijana wa jiji walikuwa wanahesabu milango, mama. Mlango wa duka, wanaandika kazi. Hapa hawakuona mlango. Wakanikuta ngazini wakaniuliza, dirisha lile la nini? Ningesema nini?"

"Ungesema mama yangu yuko pale, anafanya kazi."

"Halafu tukatwe chumba!"

Hapo ndipo penye ugomvi. Jengo lilikuwa libomolewe, pamoja na mengine yote yaliyopakana na barabara ya tramu, toka sokoni mpaka kituo cha treni. Yangejengwa mapya: chini kazi, juu makazi, mtu ashuke kwenye tramu akute mkate, daktari wa meno na fundi wa viatu palepale. Tsonka aliupenda mpango huo tangu siku ya kwanza. Kila mwenye nyumba angerudishiwa eneo alilokuwa nalo. Aliyekuwa na kazi chini angepata karakana inayotazama kituo, ila eneo la karakana lingekatwa kwenye nyumba yake ya juu. Kwa hiyo ilikuwa vyumba vitatu bila karakana, au viwili na karakana. Na katika nyumba ile walikuwa yeye, Bilyana, mkwewe Plamen na mjukuu, na mwingine tumboni mwa Bilyana ambaye tayari alikuwa anapiga mateke.

"Afisa mipango anapita leo kukagua," Bilyana alisema. "Atakachokiona leo ndicho kitakachobaki. Tufunike tu, mama. Saa moja tu."

"Halafu nikashone wapi?"

"Nyumbani."

"Nani atapanda ghorofa ya tano na suruali mkononi? Watu wanashuka kwenye tramu wananikuta hapa hapa, ndiyo maana wananiletea."

"Nenda ukapumzike basi! Utashona mpaka lini?"

"Mpaka watu waache kunenepa."

Bilyana hakucheka. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkono kiunoni, uso umevimba. Tsonka alimtazama, akasimama, akakaa, akatunga uzi kwenye sindano, akauchomoa. Alikumbuka jinsi alivyomlea huyu huyu jikoni, kitanda kikiwa kati ya jiko na mlango, na mume akimruka mtoto usiku akienda kunywa maji. Hakumtakia mtu maisha yale.

"Haya," alisema. "Funika."

Bilyana aliruka. Alitupa shuka juu ya cherehani, akaziangusha suruali nyuma ya rafu, akasogeza chupa mbele. Tsonka mwenyewe alivuta pazia. Wakakaa gizani. Mikono yake haikujua pa kukaa. Iliipapasa aproni, ikakuta pini, ikazipanga, ikazipangua.

Vilisikika viatu vya kike, vya kisigino kifupi, vikienda taratibu, vikisimama kwenye kila mlango. Halafu vikaja viatu vingine, vya kuburuta, na magoti yakagonga lami mbele ya dirisha.

"Tsonka!" Ilikuwa sauti ya mzee Radoy, dereva wa tramu mstaafu. "Pazia la nini mchana wote huu? Umekufa bila kuniaga?"

Bilyana alimshika mama yake mkono. "Nyamaza," alinong'ona. "Nakuomba."

Viatu vya kike vilikimbia. "Baba, umeanguka? Nikuinue?"

"Sijaanguka, binti. Nimepiga magoti."

"Unasali?"

"Kwa huyu mwanamke, naelekea huko. Zipu ya koti imekufa, na mimi kesho nampeleka mke wangu hospitali."

"Hapo si stoo, baba?"

Mzee alikohoa. Tsonka alisikia jinsi alivyokuwa anafikiri; alimjua. Hakutaka kumharibia mtu, wala hakutaka kusema uongo. "Mimi nasubiri tu," alisema hatimaye.

Tsonka aliutoa mkono wa binti yake kwenye mkono wake, kidole kimoja kimoja, bila ukali.

"Sikia," alimwambia kwa sauti ya chini. "Jengo jipya likisimama, vyumba vyote viwili ni vyenu. Mimi nitalala Pernik kwa dada yangu. Vesela ana chumba kimejaa magunia ya viazi, atayatoa. Nitakuja na treni ya asubuhi."

"Mama, usinifanyie hivyo. Watu watasema nimekufukuza."

"Waje waseme dirishani, nitawashonea midomo. Kulala naweza kulala popote, Bilyana. Nipishe."

Alivuta shuka, akamrushia Bilyana. Alifungua pazia, akasukuma dirisha, mwanga ukaingia na vumbi lake. Mkono wake ukatoka nje, kiganja juu.

"Lete koti, mzee."

Radoy alilivua palepale. Tsonka aliwasha taa, akajaza pini mdomoni, akaanza kuifumua zipu ya zamani kwa wembe.

Afisa mipango alichuchumaa kando ya mzee, sketi ikigusa lami, akachungulia chini. "Mama, hii ni karakana? Unafanya kazi hapa?"

Mdomo wa Tsonka ulikuwa umejaa pini. Alitikisa kichwa kushoto, kulia, kushoto tena, jinsi watu wa Sofia wanavyokubali jambo, na mwanamke yule, ambaye naye alizaliwa huko, aliandika ndiyo.

Bilyana alikuwa bado amesimama na shuka mikononi. Nje, Radoy alibaki magotini na shati tu, amejikunyata kwenye upepo. Meno ya shaba ya zipu yalidondoka moja moja sakafuni.