Mkanda wa Chura

Kila asubuhi, kabla ya kugusa nguo ya mtu, fundi cherehani aliipaka mashine yake mafuta, akaifuta, kisha akaketi kunywa chai taratibu kama bwana harusi. Siku hiyo kikombe kilikuwa hakijafika mdomoni pale mwalimu wa kuogelea alipoingia mbio.

“Fundi, hoteli wamekubali! Watoto wetu watajifunza bure kwenye bwawa lao kila Jumamosi, kuanzia leo. Asiyekuja leo nafasi yake anapewa mwingine. Nguo tayari?”

Nguo zilikuwa tayari. Fundi alijitolea kuwashonea watoto wa mtaa mzima, maana bila vazi la kuogelea hoteli haimruhusu mtu, na dukani bei yake haishikiki. Akamkabidhi mfuko.

“Na ya Chura?”

Chura ni binti wa fundi. Jina alilipata kwa kulala kifudifudi kutwa kwenye benchi la wateja, akipiga miguu hewani.

“Bado. Uzi umekwisha.”

“Baba, si huo umeukalia?” Chura akauliza kutoka kwenye benchi.

“Basi sindano imevunjika.”

“Si hiyo kwenye mashine?”

“We mtoto, nani kakuajiri hapa?”

Fundi akainama. Akatoa chini ya meza vazi jekundu, limeshonwa likashoneka. Mgongoni lilikuwa na mkanda mrefu kama kamba ya kuanikia nguo.

“Baba, huu mkia wa nini?”

“Wa usalama. Mwisho wake nitashika mimi.”

Bwawani, Chura alitumbukia kwa furaha. Lakini kila alipopiga miguu akasogea, baba yake juu ukingoni aliuvuta mkanda, mtoto akarudi kinyumenyume.

“Baba Chura anavua samaki!” watoto wakapiga kelele.

“Fundi, legeza,” mwalimu akamsihi.

“Nimelegeza.” Na mkanda ameuviringisha mkononi kama bendeji.

“Tatizo nini? Mtoto anaelea vizuri.”

“Maji ya baridi haya.”

“Ya vuguvugu.”

“Basi dawa ya bwawa itachujisha kitambaa.”

Chura akageuka, machozi yakimlengalenga. “Baba, wenzangu wote wamefika ng’ambo. Mimi bado niko hapa hapa.”

Akajikaza, akapiga miguu kwa nguvu zake zote. Fundi, miwani, futi ya shingoni na yote, akaingia majini chubwi!

“Nakufa!” akapiga mayowe. “Mwambieni mama Chura suruali ya mwenye nyumba iko kabatini, bado vifungo!”

“Simama, fundi,” mwalimu akasema.

Akasimama. Maji hayakumfika hata kiunoni. Watoto walicheka mpaka wakashikana mabega. Chura peke yake hakucheka. Alimsogelea baba yake akamshika mkono.

“Baba, umeumia?”

Fundi akatikisa kichwa. Akauzongoa mkanda mkononi, akaufungua mgongoni kwa binti yake.

“Si baridi, mwanangu, wala si kitambaa. Mimi naogopa maji. Naogopa sana, hata sasa hivi. Wewe huogopi. Nenda.”