Mkwe Haamshwi

Mimi ni mkali, na sitaficha. Mwaka ule wa hamsini na sita, mtu aliponijia na habari kwamba mume wangu amesahau kufunga breki, nilimjibu kwamba labda yeye ndiye aliyesahau kufunga mdomo. Saburi hasahau. Ni mtu anayetoka kitandani kwenda kutazama komeo la mlango alilolifunga mwenyewe.

Alikuwa dereva wa basi la kutoka kwetu Sofu, Kibaha, kwenda Kisarawe. Lilikuwa basi jipya, la breki za upepo, na alipokabidhiwa alinichosha kwa maelezo hata nikiwa jikoni. Injini ikizunguka, alisema, inasukuma upepo kwenye tangi. Ukikanyaga breki, upepo unakimbilia kwenye magurudumu na kuyabana. Asubuhi haondoki mpaka mshale wa geji ya kupimia upepo upande juu, hata abiria wakimtukana. Ukizima injini, upepo huvuja kidogo kidogo, na baadaye unakanyaga pedali isiyo na kitu.

"Ndiyo maana kuna breki ya mkono," alisema. "Ile ni vyuma vitupu. Unavuta mpini, meno yanauma, magurudumu ya nyuma yanabanwa. Haina habari na upepo."

Kuiachia, unabana kishikio kilichopo kichwani mwa mpini, kisha unausukuma chini.

Siku ya mkasa alimpakia baba yangu, Mzee Mwinyimadi, aliyekuwa amekuja kututazama na sasa anarudi kwake Masaki, kijiji cha huko huko Kisarawe. Alimpa kiti cha mbele, karibu na usukani, kwa heshima. Walipofika Kisarawe, Saburi alisimamisha basi kwenye mteremko wa sokoni, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Abiria wakashuka. Baba alikuwa amelala.

Kwetu mkwe haamshwi. Saburi akizungumza na baba yangu hutazama chini; kumgusa bega hawezi hata kwa ndoto. Basi akamwacha alale. Hata jiwe la kuzuia gurudumu hakuliweka, maana hupigwa kwa nyundo likaze, na hakutaka kelele. Akapakua mizigo polepole, akaenda zake kunywa kahawa.

Baada ya saa nzima basi lilianza kusogea taratibu bila mtu kutambua, mpaka watu wakaliona linatembea lenyewe. Saburi alilikimbilia, akarukia ndani, akakanyaga pedali, ikazama bila kushika chochote. Akapapasa mpini wa breki ya mkono, akaukuta uko chini. Alipouvuta, basi lilikuwa limekwisha kuvunja ukuta wa duka na kukunja baiskeli iliyoegemezwa hapo. Hakuna aliyeumia. Baba alikuwa ameshashuka, yuko msikitini anatawadha, na aliondoka Kisarawe akiamini kama wengine kwamba dereva amesahau.

Mkaguzi wa magari, Mzungu mmoja wa bomani, alimuuliza Saburi mpini aliukuta wapi. Saburi akasema kweli: chini. Basi hukuuvuta, akaambiwa. Leseni ikachukuliwa, na arudi Jumatatu kusikia kama atarudishiwa au hataendesha tena maisha yake yote.

"Ulivuta, hukuvuta?" nilimuuliza aliporudi.

"Labda nilisahau."

"Saburi, nani alibaki ndani ya basi?"

Akainuka, akaenda kutazama komeo. Ilikuwa saa nane mchana.

Hapo nikafahamu. Namjua baba yangu anavyoinuka: hushika chochote kilicho mbele yake, nguzo, fimbo, bega la mjukuu, akakibana kwa nguvu zake zote na kukikandamiza chini, ndipo magoti yakubali. Nililia kwa hasira, na sikujua namkasirikia nani. Nikisema, nimemvua nguo baba yangu mbele ya soko zima. Nikinyamaza, mume wangu amekwisha.

Jumamosi nilikwenda Masaki. Nilimkuta baba uani anamenya muhogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mkwe wangu hajambo?"

"Hajambo. Ila leseni yake wameichukua, na Jumatatu bomani ndiyo watakata shauri."

Nilitafuta kisu, nikakaa, nikamenya pamoja naye. Sikumshtaki. Nilimweleza breki tu, kama nilivyoelezwa mimi: tangi, upepo, mshale wa geji. Kisha nikausimamisha mchi nikamwonyesha breki ya mkono. Alisikiliza bila kuniangalia.

"Na mtu akiubana mpini ule, akauegemea?"

"Unaachia, baba."

Aliendelea kumenya muhogo ambao ulikuwa umekwisha kumenywa, mpaka ukabaki mwembamba kama kidole. Sikuongeza neno. Kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa.

Jumatatu basi lilikuwa limeegeshwa mteremkoni mbele ya boma, breki ya mkono imevutwa, magurudumu yamewekewa mawe. Baba akaja na kanzu yake ya Ijumaa. Hakumsalimu mtu. Akapanda, akakaa kiti cha mbele. Kisha, mbele ya Mkaguzi na karani wake na watu waliokuja kutazama, akajiinua kama ajiinuavyo siku zote. Mkono wake ulikwenda kwenye mpini bila kuutafuta. Tukasikia meno yakiachia. Basi likasogea kidogo, likakwama kwenye mawe.

"Bwana, mzee huyu hakuwamo siku ile," Saburi alisema haraka. "Nilisahau mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mume wangu akisema uongo, na aliusema vibaya.

"Nilikuwamo," baba akasema. "Nililala, nikaamka, nikashuka kwa kushika hapa. Kijana huyu hajawahi kunikosea adabu. Leo ndiyo ananikosea, kwa kunifanya mwongo."

Karani alitafsiri. Mkaguzi aliinama, akavuta mpini ule na kuuachia mara mbili mwenyewe, akarudisha leseni. Alitoa na onyo kali juu ya jiwe. Saburi alilipokea, kwa kuwa hilo lilikuwa kosa lake kweli.

Wiki chache baadaye nilisafiri nao. Baba alisinzia mapema, na tulipofika Kisarawe alikuwa anakoroma. Saburi alivuta breki, akazima injini, akashuka, akalipiga jiwe kwa nyundo kwa kishindo. Baba hakustuka hata kidogo.

Nilitulia kwenye kiti changu nikingoja. Saburi alirudi, akasimama karibu naye kwa muda mrefu, mikono ikiwa nyuma. Kisha akamgusa bega.

"Baba, tumefika."

Baba alifumbua macho, akanyoosha mkono kutafuta cha kushika. Saburi akampa wake.